Muhuri wa Kwanza

Jumatatu, katika maktaba moja mjini Wote, mama mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliweka kitambulisho kwenye kaunta akaulizia kitabu cha marehemu profesa wa uchumi.

"Mama, ni cha Kiingereza," karani akamwambia.

"Nisomee wewe. Alikuja kwangu kuuliza mbona tunauza ndengu mapema. Nataka kujua kama aliandika nilivyomwambia."

Karani akatafuta ukurasa. "Anasema mkulima si mjinga, anaogopa wadudu kwa sababu hana ghala."

"Basi aliandika. Na wakubwa wamekisoma?"

Karani akamwonyesha karatasi ya kuazima, inayogongwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Haikuwa na muhuri hata mmoja.

"Gonga wangu. Nitasomewa nyumbani."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Jumapili nilikuwa nimekisifu kitabu hicho kanisani, katika ibada ya kumkumbuka profesa, na Mungu anajua sijawahi kukifungua.