Marahaba ya Priscila

Vidole viwili vya Leonsia wa Kasulo havikunjiki, na mpini wa jembe anaushika kwa vitatu vilivyobaki. Vilivunjwa shuleni, mchana kweupe, mwaka tisini na tano, wakati kambi za jirani zimefurika wakimbizi wa Rwanda.

Binti yake Priscila, mwenye miaka tisa, alikuwa akirudisha kila alichoambiwa, neno kwa neno. Siku hizi hali hiyo tunaiita usonji. Wakati ule tuliita kiburi, Mungu atusamehe. Darasa likisema "Shikamoo mwalimu", Mwalimu Protasi akiitikia "Marahaba", Priscila naye huitikia "Marahaba" kwa sauti ileile. Mtoto kumpa mwalimu marahaba! Alichapwa kila asubuhi, wiki tatu mfululizo. Fito za porini zilikuwa zimeishia kwenye mafiga ya wakimbizi, kwa hiyo Protasi alichapa kwa mti wa hema, alioununua soko la kambini.

Siku Priscila aliporudi nyumbani sare imeganda damu mgongoni, Leonsia alikosa usingizi kwa hasira. Asubuhi alimshika mkono wakaenda shuleni, wakawakuta wanafunzi wamepanga mstari mbele ya Protasi.

"Mwalimu, mwanangu hakutukani. Anarudisha anachosikia tu."

"Mama, nyumbani mlee wewe. Hapa namlea mimi." Akamgeukia mtoto. "Utarudia tena?"

"Utarudia tena?" akasema Priscila.

Mti ukashuka begani. Pigo la pili likampata sikioni, damu ikaruka mpaka kwenye kola.

"Omba msamaha!"

"Omba msamaha!"

Pigo la tatu Leonsia alilikinga kwa mkono wake, vidole vikalia kama bua kavu la mahindi. Hakurudi nyuma. Aliung'ang'ania ule mti kwa mkono mzima, akamng'ata Protasi kifundo cha mkono mpaka akapiga yowe. Watoto wa mbele walikimbia.

"Unataka aombe msamaha?" Leonsia alihema, mdomo umejaa damu ya mwalimu. "Muombe wewe kwanza, uone. Usipomuomba, mimi na wewe tutauana hapahapa."

Protasi aliwatazama wanafunzi wake, akamtazama mama yule. Akabana meno.

"Nisamehe."

"Nisamehe," akasema Priscila, naye kabana meno vilevile.

Hakuna aliyecheka. Protasi aliuachia mti, akaketi chini kwenye vumbi.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," akasema Priscila, damu ikimdondoka sikioni, naye akaketi.