Papa Wenceslas na Saa ya Wakwe

Wakaaji wote wa Goma, wale wa Himbi wenye kuta ndefu na wale wa Mabanga wenye majirani, wanaarifiwa rasmi ya kwamba mji huu, mbali na volkano yake, ziwa lake na vumbi lake, una kitu cha nne cha kujivunia: meno ya Wenceslas Bahizire, fundi wa saa. Mtu huyu wa miaka hamsini na minane huiuma saa ya otomatiki ubavuni, hufumba macho, na bila kulegeza skrubu hata moja hutangaza mashini ya ndani ni ya namna gani na inapiga mara ngapi. Waswisi bado hawajaambiwa. Mtandao ukirudi wataambiwa.

Ukweli ni kwamba hakuna muujiza. Saa isiyo na betri ina gurudumu dogo ndani linalokwenda na kurudi, na kila likigeuka linalia tik. Nyingi hulia mara sita kwa sekunde, ndiyo mapigo elfu ishirini na moja na mia sita kwa saa nzima. Zile za mwendo wa kasi hulia mara nane, elfu ishirini na nane na mia nane. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kuhesabu tik nane ndani ya sekunde moja, na la Wenceslas haliwezi pia. Anachofanya ni kupiga mguu wake wa kuume chini mara moja kila sekunde, huku sauti ya saa ikipanda kutoka menoni hadi kwenye fuvu, halafu anasikiliza tik zinavyojipanga kati ya pigo moja la mguu na lingine. Zikijipanga tatu-tatu, kama ngoma ya matoleo kanisani, basi ni sita. Zikijipanga nne-nne, kama rumba, ni nane. Hayo ndiyo matunda pekee ya miaka miwili ya fizikia aliyosoma chuo kikuu kabla yeye na chuo hawajachokana. Mwenyewe husema chuo ndicho kilichochoka kwanza, na haoni sababu ya kukilaumu.

Jumamosi moja, nyumbani kwake Mabanga, walifika wakwe kutoka Butembo kumposa Aurélie, binti yake wa kwanza, muuguzi. Walisafiri siku mbili wakizunguka kupitia Uganda, kwa sababu njia ya moja kwa moja imekatwa na vita. Mchumba, Josias, ni kijana wa Butembo anayeleta vitenge kuviuza Goma. Wenceslas alimpenda tangu siku za risasi mjini, pale Josias alipovuka mitaa mitatu kwa miguu, mfuko wa unga kichwani, akabisha mlango na kuuliza kama kuna mtu ana njaa.

Siku kama hiyo baba wa binti ana kazi moja tu, nayo ni kunyamaza. Msemaji wa upande wake, binamu yake muzee Bagalwa, ndiye anayeongea. Wenceslas alikaa ndani ya koti la kuazima, akanyamaza vizuri kabisa kwa saa nzima. Ng'ombe wakakubaliwa. Chumvi na sukari zikapokelewa. Ikabaki zawadi ya baba, kitu cha kuvaa. Baba akiivaa amekubali, na asipoivaa wageni wanarudi walikotoka.

Msemaji wa wageni, muzee Paulin, baba mdogo wa Josias, alisimama na kisanduku mkononi.

"Papa, kwa kawaida tungekuletea koti. Lakini tulisikia uko fundi ya masaa. Basi Josias alifika Dubai, akasimama mbele ya kioo ya vitrine mpaka mwenye duka akazani ni mwizi." Alifungua kisanduku, akakunjua karatasi na kuisoma kwa sauti ya Waraka kwa Wakorinto. "Otomatiki! Ya Suisse! Mapigo vingt-huit mille huit cents, elfu ishirini na nane na mia nane!"

Saa yenyewe ilikuwa nzuri, ya uso mweusi na mkaba wa ngozi wa kuifungia mkononi. Mtu mwenye akili angeivaa na kuomba chakula. Wenceslas alijijua vizuri, na akili hakuwahi kuihesabu kati ya mali zake. Meno yalimwasha. Akaichukua saa, akaiuma.

Vichwa vyote sebuleni vikageuka.

"Anaikula?" mama mmoja wa Butembo akanong'ona.

"Hapana, mama," Bagalwa akamjibu haraka. "Anaisoma."

Mguu ukapiga. Ta. Ta. Ta. Wenceslas akasikiliza. Tatu-tatu. Akabadilisha jino, akasikiliza tena. Tatu-tatu, safi kama siku ya matoleo. Sita. Karatasi ilisema nane, na saa ilisema sita. Josias alikuwa ameuziwa feki, au, Mungu apishe mbali, alijua.

Akinyamaza, atavaa uongo mkononi kila siku mbele ya wateja wake. Akisema, amewaita wakwe matapeli mbele ya mama wakwe, na Aurélie anabaki bila ndoa. Jambo la namna hiyo linaomba mtu angoje angalau hadi Jumatatu. Lakini huyu ndiye mtu ambaye katika mtihani wake wa mwisho alibishana na swali la kwanza kwa kurasa nne, akasahau kwamba kulikuwa na la pili.

"Hii saa ni sita," akasema.

"Sita nini?" Paulin akauliza.

"Mapigo sita kwa sekunde. Si nane. Mutoto walimubebesha feki."

"Wenceslas!" Bagalwa akamvuta koti. "Baba ya binti hasemi!"

Alikuwa amekwisha sema. Paulin alikunja karatasi polepole. "Tumezunguka Uganda siku mbili, miguu imevimba, ili tuje kuitwa waongo?" Nyuma yake akina mama walianza kutafuta viatu vyao kwa vidole vya miguu. Josias alikuwa amekauka usoni.

"Papa," kijana akasema, "niliinunua na mikono yangu. Ifungue basi, uangalie."

"Kitu nilishasikia, sina haja ya kukifungua," Wenceslas akajibu, na hapohapo akajisikia mjinga. Mdomo ulikuwa umetangulia na kichwa kilikuwa kinakuja nyuma kwa miguu.

Ndipo Aurélie akatokea. Desturi ilitaka akae chumbani mpaka aitwe, lakini kwenye nyumba hii desturi ilikuwa imekwisha kuumwa pamoja na saa. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, simu yake kwenye mkono mwingine.

"Papa, uma tena. Piga mguu."

"Mutoto wangu, hapa si dispensaire ya kupimia wagonjwa."

"Uma, Papa."

Akauma. Mguu ukapiga. Aurélie aliangalia simu, midomo ikihesabu.

"Sekunde kumi na tano," akasema. "Mguu umepiga mara makumi mbili. Moyo nao mara makumi mbili. Papa, mguu yako inafuata moyo. Sekunde ni sitini kwa dakika. Weye uko themanini!"

Wenceslas alibaki na saa mdomoni, akipiga hesabu. Mguu unaopiga themanini hautumii sekunde nzima, unatumia robo tatu. Na robo tatu ya nane ni sita. Hesabu ilitoka bila hata mkia, kama ambavyo haikuwahi kutoka mtihanini. Saa ilikuwa nzima. Mashini mbovu ilikuwa imevaa koti la kuazima.

"Muwaulize watu wa chorale ya kanisa!" Hiyo ilikuwa sauti ya mke wake, Nabintu, kutoka mlango wa jikoni. "Kwa nini walimutoa ku ngoma, wakamupa kazi ya kugawa vitabu? Kila Gloria aliimaliza padri akiwa bado katikati!"

Yule mama wa Butembo ndiye aliyecheka kwanza. Wengine wakamfuata, isipokuwa Paulin.

Wenceslas alitoa mfukoni ufunguo wake wa kufungulia saa, ambao huubeba hata misani, akazungusha kifuniko cha nyuma. Kwa sekunde moja, sekunde yake mwenyewe, ile fupi, alitumaini kuona namba mbaya. Lakini chini ya lile gurudumu linalocheza ilikuwa imechongwa 2824, namba ambayo kila fundi anaijua, ya mashini ya mapigo manane.

"Josias amesema kweli," akasema. "Ni nane. Miye ndiye nilikosea. Munisamehe."

"Papa, unaogopa nini?" Aurélie akamuuliza taratibu, vidole vyake vikirudi kwenye mshipa.

Wenceslas akauangalia mguu wake. Kwenye meza yake ya kazi mguu haukuwahi kumdanganya. Lakini pale kazini hakuna aliyewahi kumwomba binti, ampeleke Butembo, umbali wa siku mbili za kuzunguka.

Muzee Paulin alikuwa bado amesimama. Alimwangalia binti, akaangalia mguu wa Wenceslas, ambao ulikuwa ungali unapigapiga peke yake chini ya kiti. Akakohoa.

"Wababa wengine siku hii wanalia," akaanza, sauti ya Wakorinto ikimrudia. "Wengine wanalewa. Nitarudi kwetu niwaambie kwamba nimeona baba mumoja, muchungu ya binti yake ilimupanda mpaka moyo ukapita saa ya Suisse! Nitawaambia mutu mukubwa alikosa mbele ya wote, na akaomba musamaha mbele ya wote. Sasa, Papa Wenceslas, mbele ya Mungu, mbele ya familia mbili, mbele ya wale walio hai na wale waliolala: saa hii, unaivaa, ao hauivae?"

Josias alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe. Wenceslas alirudisha kifuniko, akakikaza, akaivaa saa polepole, akaingiza ulimi wa mkaba kwenye tundu, akatikisa mkono mara mbili na kuuangalia.

"Naivaa," akasema. "Lakini mukaba inafinya."