Ugaidi Usio na Moshi

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga. Alipofiwa na mumewe aliuza gari la marehemu, akanunua mashine za kutotolesha mayai na kuzipanga katika chumba walichokuwa wakilala wawili. Wafugaji walimwamini, vifaranga vyake havikuwa vya kufakufa.

Bima alikatiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, wakala mwenye maneno matamu.

"Shemeji, nimekuwekea moto, wizi, mpaka ugaidi. Lala usingizi."

"Ugaidi? Nani atahangaika kumlipua kuku?" Walicheka mpaka chai ikapoa.

Kisha kundi la magaidi likaingia kwenye kompyuta za shirika la umeme, likazima mitambo na kujigamba hadharani. Nchi nzima ikawa giza. Mama Vifaranga akawasha jenereta. Dizeli ilipokwisha, vituo vya mafuta navyo vilikuwa vimefunga, maana pampu zao zinategemea umeme huohuo. Akayafunika mayai kwa mablanketi, akachemsha maji kwenye mkaa na kupanga chupa za moto katikati ya trei. Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Mengine yalishaanza kutoboka. Alivisikia vifaranga vikilia ndani ya maganda. Sauti zikapungua, zikapungua. Umeme uliporudi, chumba kilikuwa kimya.

Shemeji alirudi kutoka ofisi za bima amenywea.

"Wamekataa."

"Si magaidi wenyewe wamekiri?"

"Wamekiri. Lakini bima ya ugaidi inalipa kilichoungua au kulipuliwa. Huu wa kompyuta hauna moshi."

"Bima ya kompyuta je, si ipo?"

"Ipo, shemeji, ila hukuikata. Na hata ungeikata, haigusi ugaidi. Tena iliyovamiwa ni kompyuta ya shirika, si yako."

Mama Vifaranga akauliza, "Kwa hiyo mimi nimepatwa na nini?"



Mayai aliyazika nyuma ya nyumba, mwenyewe, kwa jembe. Wateja wakahamia kwingine. Mashine zikaenda kwa bei ya kutupa. Siku hizi ni kibarua wa kunyonyoa kuku sokoni. Binti yake alimfuata huko, akamsihi waanze tena, hata na kimashine kimoja kidogo.

"Tuanze ili nani aje kuzima, mwanangu?" alijibu bila kuinua kichwa, akachukua kuku mwingine na kumtumbukiza kwenye maji ya moto.