Soksi Nyekundu ya Mama Pazia

Mtaani walimwita Mama Pazia. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akayapeleka mwenyewe kwa wateja na kuyatundika, kwa kigari cheupe kilichozeeka bila kupoteza heshima yake. Hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Mteja akimtajia kipimo cha dirisha, alishukuru, kisha akaenda kupima upya. Chumvi mpya aliionja kabla ya kuimimina koponi. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa ulinzi wa usiku, alipenda kuwaambia wageni kwamba hata siku ya ndoa yao mke wake alimwuliza mara mbili kama jina lake ni hilo kweli.

Vyuma vya kutundikia mapazia vilikuwa virefu kuliko kigari. Vilianzia katikati ya viti vya mbele, vikapita nyuma, vikatokeza nje ya buti. Kitu kikitokeza hivyo lazima kiwe na alama nyekundu, wa nyuma akione. Wenzake hufunga tambara lolote. Mama Pazia alishona mfuko mrefu wa kitambaa kizito chekundu, mdomoni akautia mpira, ukawa unavalishwa ncha zote kwa pamoja. Nyumbani waliuita soksi. Siku aliyoushona uzi mwekundu ulikuwa umemwishia, akatumia wa manjano, mshono juu ya mshono, na kila alipoutazama uzi ule moyo ulimchoma kidogo.

Siku ya ajali alisimama barabarani kuwapisha watoto wa shule wavuke. Aliyekuwa nyuma yake hakusimama. Mama Pazia alisikia kishindo, vyuma vikampita ubavuni kama mikuki na kuvunja redio ya gari. Mwili wake ulikuwa mzima. Alipotoka alikuta buti limekunjamana kama karatasi na vyuma vimezama kwenye pua ya gari la nyuma, maji ya rejeta yakitiririka. Mwenye gari, bwana mmoja wa shati lililonyooshwa vizuri, alirudi kinyumenyume kwanza, akalinasua gari lake, ndipo akashuka. Alimpa pole nyingi. Akasema dada usijali, kosa ni langu, bima yangu itakulipa. Kisha akatoa simu, akapiga picha huku na huku.

Pole zile zilikuwa nyingi mno kwa masikio ya Mama Pazia. Na jioni bwana akapiga simu kuuliza kama amelala vizuri, kabla hata hajalala. Mama Pazia akamwambia mumewe kwamba mtu anayekujali hivyo anakupima kaburi.

Kwa kuwa kosa lilikuwa la yule bwana, madai yalikwenda kwa bima yake yeye. Mama Pazia alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya dirisha la madai, mtoto wake mchanga mapajani, akajibu kila alichoulizwa. Aliporudi mara ya pili, dada wa dirishani alikuwa amebadilika sura. Akamwonyesha picha. Vyuma vilionekana vimetokeza, vitupu, vinang'aa juani. Mteja wetu anasema hakukuwa na alama, dada akaeleza, na kama hakukuwa na alama, kosa ni la mwenye vyuma. Aliongea kwa upole, bila kuinua macho.

Mama Pazia aliitazama picha ile mpaka mtoto akaanza kulia. Kigari kile ndicho kilichokuwa mikono yake ya pili. Bila hicho angeshona mapazia na kuyakalia. Lakini alilorudi nalo njiani lilikuwa lingine: asubuhi ile vyuma hakuvipakia yeye. Yeye alikuwa ananyonyesha. Aliyevipakia ni mumewe, katoka lindoni, macho mekundu kwa usingizi, mtu ambaye aliwahi kukoroga chai yake kwa mswaki.

"Soksi uliivalisha?" alimwuliza kabla hajavua viatu.

"Niliivalisha."

Wakati wa chakula akamwuliza tena. Niliivalisha, mke wangu. Alipokuwa anamwandalia koti la kazi akamwuliza mara ya tatu, na safari hii mume akasimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Nadhani niliivalisha," alisema.

Neno hilo lilibaki ndani ya nyumba baada ya yeye kuondoka. Mama Pazia alikwenda nalo jikoni, akarudi nalo. Alipekua kikapu cha vipande vya nguo, akapekua chini ya kitanda, akainua hata godoro la mtoto. Soksi haikuwepo nyumbani. Hilo lingeweza kumtuliza, lakini mtu akishaanza kushuku, hata ushahidi mwema anauuliza ulikotoka. Huenda mume aliikuta imebaki akaificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote za nyumba ile alizishona yeye. Hakukumbuka kwamba mtu ukimwuliza mara saba, hata jina lake mwenyewe atalitilia shaka.

Siku iliyofuata wifi yake, dada mkubwa wa mume, alikuja kumsaidia kufua. Alisikia habari yote mikono ikiwa povuni, akacheka.

"Wewe fundi mzima unalilia soksi? Shona nyingine. Ikanyage, ipake oili, kaidondoshe karibu na gari lake. Nani atajua?"

Mama Pazia akamjibu kwamba yeye atajua. Wifi akasema basi kaa na ujuzi wako, uone kama utakulisha. Lakini alipoondoka, Mama Pazia alikitoa kile kitambaa chekundu kilichosalia, akakitandaza mezani, akashika mkasi. Alikwisha kukata upande mmoja ndipo mkono wake ulipopita pale ambapo ungekuwa mshono, akaukumbuka uzi wa manjano. Kitambaa kizito, mishono miwili, mpira uliokaza mdomoni. Soksi ile haikuwa tambara la kupeperuka. Kama ilivaliwa, vyuma viliingia nayo ndani ya pua ya lile gari. Na bwana aliporudi nyuma haraka vile, vyuma vilitoka vitupu. Ndivyo picha ilivyovikuta.

Kama ilivaliwa. Akauweka mkasi chini.

Mkaguzi wa bima alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu sikioni. Mama Pazia alimngoja nje ya ofisi, akamwuliza kama gari la yule bwana lilikwisha kufunguliwa mbele. Bado, alisema, liko gereji, rejeta inabadilishwa leo. Mama akaomba waende pamoja. Mkaguzi akamtazama kwa muda, yeye na mtoto wake na mkoba wake.

"Twende," alisema. "Ila mkoba utauacha ndani ya gari langu. Na kule husogei. Nimeshaona vitu vingi vikiokotwa mahali ambapo havikuwepo."

Damu ilimpanda usoni kana kwamba kile kitambaa alichokata kilikuwa kinamchungulia kutoka mkobani. Hakikuwemo. Lakini hakuweza kumkasirikia mtu huyu. Yeye naye angesema vivyo hivyo.

Gereji bwana wa shati alikuwepo, na alipomwona Mama Pazia hakumwita dada. Aliuliza huyu amefuata nini. Mkaguzi akasema amefuata kusimama. Mama Pazia akasimama kweli, mbali, mgongo ukutani, mtoto amelala begani. Fundi alilegeza boliti, akaing'oa pua ya gari, akaivuta rejeta iliyotobolewa. Nyuma yake palikuwa na feni, na katika mapanga ya feni palikuwa na kitu cheusi kama panya aliyekufa. Fundi alikivuta kwa koleo. Kilitoka kwa shida, kikirefuka.

Mkaguzi alikipangusa kwa kidole. Chini ya oili palikuwa pekundu. Pembeni yake palipita mstari wa manjano, maradufu. Mama Pazia hakuruhusiwa kusogea, wala hakuhitaji.

"Mshono wa nani huu, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Wangu. Uzi mwekundu ulikuwa umeniishia."

Bwana wa shati akasema yeye kwa kweli hakuiona. Mama Pazia alimwamini. Asiyetazama barabara haoni watoto, ataona soksi?

Bima ililipa, na hundi ile aliiinua juu kwenye mwanga kabla ya kuikunja. Kigari kikarudi na buti jipya. Lakini jioni ile ya gereji, alipomwambia mumewe, mume hakushangilia. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi.

"Ningekuwa nimesahau kweli, ungenisamehe," alisema taratibu. "Hilo nalijua. Ila sikusahau, na ukanifanya nijisahau."

Mama Pazia alichukua lile koti la kazi, akamshikia avae, mkono wa kwanza na wa pili.

Asubuhi ya kwanza ya kigari kurudi kazini, mume alirudi kutoka lindoni, akavipakia vyuma, akavalisha soksi mpya. Kisha akamwita kutoka nje. Akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

"Njoo uvute."

Mama Pazia alisema haina haja. Akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akakaa, akaweka mikono kwenye usukani. Mume akacheka kwa pua, akasubiri. Kigari hakukiwasha. Mlango ukafunguliwa tena, Mama Pazia akashuka, akaenda nyuma bila kumtazama, akaivuta soksi. Aliivuta mara moja tu.