Taa ya Kijani Shimoni

Kaka yangu anachimba dhahabu Nyarugusu, na kinachomtisha kuliko vyote ni maji. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, hujaa ghafla ukuta wa upande wa shimo la zamani lililojaa maji ukibomoka. Mimi nimesomea kompyuta, nina kibanda cha kutengeneza simu Kahama. Nikamwahidi kifaa cha kupiga king'ora maji yakianza kupanda.

Nilikijaribu kwenye beseni la kufulia, kikalia hadi muuza chipsi jirani akalalamika. Kisha, kwa kujifanya fundi sana, nikaongeza onyo la betri kuisha, na programu ikagoma kuenea kwenye ile chipu ndogo. Nikafungua skrini nyeusi, nikaiandikia kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya chipu, amri yangu ya kila siku, safari hii nikiongeza -Os, yaani nipunguzie ukubwa. Ikapunguza karibu nusu, bila onyo hata moja. Taa ya kijani ya kifaa ikawaka, nikatosheka. Beseni sikulijaza tena.

Kaka alikipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mdogo wangu," akanishukuru kwa Kisukuma, akashuka nacho mwenyewe.

Wiki ya pili akapiga simu asubuhi. Maji yameingia, wote wametoka salama.

"Shikamoo kaka. Kwa hiyo king'ora kimelia?"

"Marahaba. Nakutumia kifaa chako kwa basi."

Kilifika kimejaa matope, taa ya kijani bado inawaka. Nikasoma kazi ya kompaila mstari kwa mstari. Sehemu ya kuuliza kila mara kama maji yamefika haikuwepo. Kompaila iliona hakuna kitu ndani ya mzunguko ule wa kuuliza kinachobadilisha jibu, ikaufuta ili kupunguza ukubwa, ikauliza mara moja tu, basi. Nilipaswa kuitahadharisha kwamba jibu hubadilishwa na kitu cha nje. Najua, tulifundishwa. Lakini niliiamini miaka yote kuliko watu, nayo ikanisaliti bila hata kukohoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili nikaenda kuomba radhi.

"Sasa nani aliwashtua?" nikamuuliza.

Akanionyesha dumu tupu la mafuta, limefungiwa kengele. Maji yakilirusharusha dumu, kengele inalia. Niliitambua ile kengele. Ilikuwa ya dume letu la kulimia, nyumbani Kishapu.

"Uliifunga lini?"

Akatazama pembeni. "Siku ileile uliyoleta kifaa."

Iliniuma kuliko ya kompaila. Ile wabeja, ile mikono miwili, kumbe kengele alikuwa nayo tayari. Nilisimama pale nimemkasirikia kaka yangu kwa kutoniamini, na angeniamini, siku hiyo ningekuwa nimekuja kumzika.