Tanki wa Baba Mkwe

Nilijifunza kucheza tanki kwa sababu nilikuwa na neno la kumwambia baba mkwe wangu, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na njia nyingine ya kulifikisha.

Nieleze kwanza, maana nikisimulia hapa watu hudhani natunga. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Niliolewa kwa Wanyakyusa, nyumba iko Uyole, Mbeya. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Sisemi mnasalimiana kwa heshima halafu kila mtu na shughuli zake. Hamwonani. Akitokea koridoni, unarudi ulikotoka. Ukimkuta njiani, unatoka njiani, unachuchumaa kwenye majani na kuvuta khanga usoni mpaka apite. Jina lake hulitaji. Chakula unapika wewe, anapeleka mama mkwe. Majirani wengi pale wameshalegeza, wapo hata wanaokaa sebule moja na wakwe zao wakaangalia taarifa ya habari. Kwetu hapana. Miaka minne nilikaa nyumba moja na mwanaume ambaye nakijua kikohozi chake na mburuzo wa ndara zake, lakini sura yake naijua kwa picha ya ukutani.

Mwaka jana mama yangu alianguka jikoni kwake, Kihesa, akapooza upande wa kushoto. Dada yangu mkubwa yuko naye, lakini dada ana mashamba na ana wanawe watano. Ilibidi niende. Hilo hakuna aliyelipinga. Kilichopingwa ni binti yangu. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, bado analala ameshika sikio langu.

Nilimwomba mama mkwe anipelekee ombi kwa mzee: niende na mtoto, mama akipata nafuu nirudi naye. Alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akaingia ndani, na kabla sufuria haijachemka alikuwa ameshatoka.

"Mzee amesema hapana. Wewe nenda, mtoto anabaki kwao."

"Umemwambia vizuri lakini, mama? Kwamba mama yangu hawezi hata kujigeuza?"

"Nimemwambia."

Sikuamini. Muda ule hautoshi hata kugonga mlango. Niliamini kabisa kwamba alisimama koridoni, akahesabu mpaka kumi, akarudi. Nikampigia mume wangu. Yuko Chunya, machimboni, anapatikana akipanda juu ya kifusi. Akaniambia, "Mzee akisema sawa, mimi sina neno." Nikamwambia basi mpigie wewe umuulize. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Namsikia mtu anayepuliza simu kwa mdomo.

Nikamgeukia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeachika na kurudi nyumbani. Yeye ni binti yake, anaingia kwa mzee anavyotaka. Alinikatalia palepale.

"Wifi, mambo ya watoto mimi siyaingii. Wanangu wawili wako kwa baba yao Kyela. Nani aliniuliza?"

Sasa huyu mzee alikuwa dereva wa malori, Dar mpaka Lubumbashi, mpaka alipovunjika mguu. Madereva wakikwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma siku nne, siku sita, hucheza na simu. Ndiko alikoupata ugonjwa huo. Ni mchezo wa bunduki, watu watano kwa watano, mnagombea kituo kimoja katikati ya mji uliobomoka. Mguu ulipogoma kupona vizuri akabaki nyumbani na simu yake na wenzake wawili walioko barabarani bado, na wifi akawa wa nne. Kila siku saa kumi jioni nyumba nzima inasikia: "Piga huyo wa dirishani! Mnaniacha uchi! Tanki yuko wapi?"

Tanki wao, yule anayetangulia na ngao, alikuwa dereva mwingine, na wiki ile alivuka kwenda Kongo, hapatikani tena. Wakawa wanne. Mchezo ukawa unawachomekea mtu wa tano yeyote, mara Mhindi, mara Mrusi, na wanapigwa kama ngoma.

Nilimsikia mzee akilalamika upande wa pili wa ukuta siku tatu. Siku ya nne nikamwambia wifi anifundishe.

"Wewe? Hata gari la mtoto hulipitishi sawasawa pale mlangoni."

"Nifundishe tu."

Alinitazama. Alijua ninachotafuta, siyo mjinga. Ujumbe wa simu ungefika na jina langu juu yake, ni sawa na kwenda kumkodolea macho. Kwenye mchezo hakuna mkwe. Kuna jitu la chuma lenye ngao, na nyuma yake kuna daktari wa kutibu wenzake. Mzee anacheza daktari. Husema ameshaua mbuzi wa kutosha barabarani.

Tanki ni kazi ya kijinga, nasema hivyo mpaka leo. Una mwili mkubwa kama kontena, mwendo wa mjamzito, na bunduki yako haiui mtu. Kazi yako ni kusimama mbele upigwe. Wengine wakiua wanasifiwa, wewe ukifa unatukanwa. Siku za kwanza nilicheza na mashine, jikoni, simu nimeiegesha kwenye debe la unga, binti yangu ananivuta sketi. Nilikuwa napiga ukuta. Nilikuwa natembea kinyumenyume mpaka natumbukia mtoni. Wifi akicheka anashika meko.

"Usikimbize watu, wifi! Wewe siyo mbwa. Simama kwenye kituo, fungua ngao, waache waje."

"Wananiua."

"Ndiyo kazi."

Baada ya wiki mbili akaniingiza kwenye timu. Akawaambia ni mtu aliyemkuta mchezoni, maiki yake mbovu. Nikakaa jikoni kwenye kigoda, mlango nimefunga. Mzee yuko sebuleni, ukuta mmoja katikati, sauti yake naipata mara mbili: kwenye tofali na kwenye sikio.

Na hapo nikafanya kosa ambalo nadhani hakuna tanki mwingine duniani amelifanya. Tulifika kituoni, nikasimama, nikafungua ngao, vizuri kabisa. Halafu daktari akaja nyuma yangu. Alipofika karibu, vidole vyangu vikanitoa pembeni. Sikufikiri. Miaka minne ukimwona mzee unapisha, na mimi nikapisha. Jitu zima la chuma likaenda kujibanza ukutani na kuinama, na risasi zote zikampata yeye kifuani.

"Kha! Tanki!" dereva mmoja akapiga kelele. "Unampisha daktari apite aende wapi, ahera?"

"Mwache, ana adabu," mwenzake akasema. "Kamwona daktari ni mtu mzima."

Tukaanza upya. Nikarudia. Mara tatu nilirudia, nikijilaani, nikijiuma ulimi. Kila alipokaribia, mimi huyo, pembeni. Madereva wakawa wanacheka mpaka wanakohoa. Mzee hakucheka. Mara ya tatu, kule sebuleni nilisikia kiti kikilia kama mtu anayegeuka kutazama ukuta.

Akasema taratibu, "Mwacheni. Atajifunza."

Alijua. Sina ushahidi, lakini alijua, maana tangu siku ile aliacha kunipigia kelele mimi peke yangu. Wengine anawatukana kama kawaida, wifi anamwita kipofu, mimi ananiambia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya zahanati: "Tanki, usitoke. Nikija wewe kaa hapohapo. Mgongo wako ndiyo nyumba yangu." Au, "Umepungua damu, rudi kidogo nikutibu." Nilikuwa narudi, daktari wake ananishika bega, ule mwanga wa kijani unanipanda, na madereva wanapiga risasi huko. Ikifika mwisho anasema "ndaga, tanki," asante ya kwao, na mimi jikoni nainamisha kichwa kwa mtu asiyeniona.

Ilinichukua siku nyingi kuvizuia vidole visimpishe. Nilivizuia. Na nikiri kitu kinachonikera mpaka sasa: nilianza kumpenda yule mzee. Nilisema mwanaume mwenye sauti hii hawezi kumnyima mtoto mama yake. Ni mama mkwe. Ni yule mwanamke ananibania katikati. Nikawa simsalimii vizuri asubuhi. Nilikuwa namkabidhi sahani ya mzee bila kumtazama.

Siku moja mchana dada akanipigia kutoka Iringa. Mama ameanguka tena, safari hii kutoka kitandani, na dada alikuwa shamba. Mama alikaa sakafuni tangu asubuhi. Dada hakunilaumu, alilia tu. Nikamwambia Jumamosi napanda basi.

Saa kumi tukaingia mchezoni. Nilisubiri. Tulipokipata kituo, adui wamekufa watatu, pakatulia kidogo. Daktari alikuwa nyuma yangu, palepale alipozoea. Nikafungua maiki.

"Baba," nikasema. "Shikamoo. Mama yangu hawezi kujigeuza kitandani. Naenda Jumamosi. Naomba niende na mwanangu. Nitamrudisha. Naomba unijibu mwenyewe."

Sauti yangu ilinirudia kupitia ukutani, kutoka kwenye simu yake.

"Heee!" dereva akasema. "Tanki ni mwanamke!"

"Nyamazeni," akasema mzee.

Wifi naye, aliyekuwa chumbani kwake, nilimsikia anavuta pumzi. Nikangoja. Nilikuwa na ngao wazi, risasi zimeanza kugonga tena, ti ti ti, na mimi nimesimama tu. Nilidhani atazima simu. Angezima ningejiambia ni aibu, ni mila, nikamwachia hapo. Hakuzima.

"Mtoto anabaki kwao," akasema. Sauti ileile. Hakukasirika, hakupandisha hata kidogo. "Dada yako akishinda shamba huko, mtoto atalelewa na nani? Hapa ana bibi yake, ana maziwa. Mama yako nampa pole sana. Tanki, kushoto, wanakuja."

Na mimi nikageuka kushoto.

Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Ningeweza kuitupa ile simu mekoni. Ningeweza kumpisha. Nilisimama mbele yake nikapigwa mpaka mechi ikaisha, na tukashinda, na akasema ndaga.

Mama mkwe aliingia jikoni kabla sijanyanyuka kwenye kigoda. Alikuwa amesikia yote, nyumba ile haina siri. Nikajiandaa kutukanwa. Alikaa kwenye ndoo akashika magoti.

"Utatafuta kuku wa kumwomba mzee radhi," akasema. Halafu akasema, "Ulidhani sikumwambia?"

Nikazima simu, nikaiweka juu ya debe la unga.

"Nilimwambia siku ile dada yako alipopiga simu mara ya kwanza. Wewe hujaniomba bado. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Ulipokuja kuniomba, jibu nilikuwa nalo wiki nzima. Niliingia ndani kufuta macho, mwanangu, sikuingia kumuuliza."

Nilitaka kumkasirikia mtu. Yeye ndiye aliyekuwa wangu wa kumkasirikia, na sasa hata yeye nimenyang'anywa.

Kuku nilitafuta. Jumamosi nilipanda basi alfajiri, mtoto akiwa amelala, kwa sababu wote walisema ni afadhali asinione nikiondoka. Nilipofika Igawa abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, na mimi nikawa nimekaa nashika sikio langu mwenyewe kama kichaa.

Sasa niko Kihesa. Mama anakula uji kwa kijiko, anasema maneno mawili matatu. Mume wangu anaahidi atakwenda Uyole kuzungumza na mzee, akipata nafasi, akishuka kwenye kifusi. Nikimpigia mama mkwe niongee na mwanangu, mtoto anashika simu anapumua tu, haongei, ana hasira na mimi. Ni haki yake.

Lakini saa kumi bado naingia mchezoni. Mzee hajawahi kuniuliza chochote, na mimi maiki sifungui. Madereva nao wamekuwa na heshima ya ajabu, wananiita shemeji. Naingia kwa sababu mwanangu siku hizi huwa amekaa kwenye paja la babu yake muda ule, na maiki ya mzee inachukua kila kitu: kikohozi, redio ya jirani, na yeye. Anaomba ndizi. Anaimba wimbo wa shule ya chekechea ambao sikumfundisha mimi. Mechi ikiisha, mzee anazima, naye anapotea. Tukishindwa haraka, nampata dakika nne. Nikishikilia kituo, nampata hata kumi na tano.

Kwa hiyo nimejifunza kutokufa. Najua kila kona ya ule mji, najua niiname wapi damu ikipungua, najua nimcheleweshe adui vipi bila kummaliza. Dereva mmoja aliniambia hajawahi kuona tanki kama mimi toka aanze kucheza.

Jana tulibaki wawili, mimi na daktari. Nilikuwa na damu kidogo sana, nimejibanza nyuma ya lori lililoungua.

"Babu," nikamsikia, karibu kabisa na maiki, mdomo umejaa kitu. "Lile jitu limekufa?"

"Bado. Lile ni letu."

"Linaitwa nani?"

Mzee akakohoa. Huku chumbani mama yangu akaanza kuniita nikamgeuze, upande umemchoma, aliita kwa lile neno moja linalomtoka vizuri. Nilimsikia. Nikaongeza sauti ya simu, nikakaa nyuma ya lori.