Wageni wa Titye na Lundo Langu la Samadi

Mke wa mwanangu alikulia mjini Kasulu, na pua yake bado iko huko. Siku wazee wa kijiji cha Titye walipokuja kutazama kwetu, kabla ya kukubali binti yao aolewe na mjukuu wangu, alilitolea macho lundo langu la samadi.

"Mama, wageni wakute mavi ya ng'ombe uani? Tutaaibika!"

Mavi! Samadi ya misimu miwili, niliyoifunika kwa majani ya migomba mpaka ikawa nyeusi, haina harufu wala joto la kuunguza mche. Nikaenda kanisani nikidhani yameisha. Kurudi, alikuwa amemwita jirani, naye ameshaibeba yote kwa toroli. Pale lilipokuwa lundo pamenyunyiziwa manukato yake ya kujipaka.

Wageni walikunywa chai, wakasifu vitambaa vya makochi. Kisha baba wa binti akazunguka uani, akarudi amenuna.

"Bibi, samadi yenu iko wapi? Hapa mboga mnalima na nini? Binti yangu simleti aje kula vitambaa."

Mke wa mwanangu akainamia vikombe. Nikampeleka mzee bustanini kwa jirani. Akachota samadi, akaifikicha, akanusa.

"Hii imeiva kweli. Ya nani?"

"Yangu. Aliyeigawa ni yule anayenukia."

Binti tulipewa, kwa sharti kwamba bustani nimfundishe mimi. Mke wa mwanangu ameanza kukusanya lundo jipya, kwa mikono yake. Manukato sijamkataza.